SEWA HAJI PAROO: TAJIRI WA BAGAMOYO NA WAKFU WA WAGONJWA



Katika toleo hili tumeona tuwaletee maisha ya mtu ambaye jina lake wengi wetu hapa Sumbawanga tumelitamka bila kujua ni la nani. Mgonjwa anapotoka huku kwetu na barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, ndugu waliobaki nyumbani hupiga simu kuuliza amelazwa wapi. Jibu huwa Mwaisela, au Kibasila, au Sewahaji. Basi jina hilo huandikwa kwenye kipande cha karatasi, akapewa yule anayekwenda kumuuguza, naye hukaa nalo mfukoni zaidi ya kilomita 1,000, kupitia Laela, Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro mpaka Dar es Salaam. Akifika getini huulizia Sewahaji. Wapo wanaodhani ni neno la Kizungu. Mwanafunzi wetu mmoja wa Juzuu Amma alidhani ni jina la ugonjwa, na wenzake walipomcheka niliwauliza wao wanadhani ni nini. Wakanyamaza wote.

Sewa Haji hakuwa daktari wala mtawala. Alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa asili ya Kihindi, mwenye duka Bagamoyo, na alifariki mwaka 1897. Alipata mali nyingi akiwa kijana na akaigawa angali hai, na sehemu nyingine akaipanga kwa wasia ili iendelee kutumika baada ya kifo chake. Jinsi alivyoipata na jinsi alivyoitoa ni mambo mawili, na yote mawili yanastahili kutazamwa.

DUKA LA FAMILIA

Sewa Haji alizaliwa mwaka 1851. Ukoo wake ulitoka Kutch, magharibi ya India, nchi kame iliyotoa mabaharia na wachuuzi wengi waliokuja pwani yetu kwa majahazi ya pepo za kaskazi. Walikuwa Makhoja wa madhehebu ya Ismailia. Madhehebu yao na yetu si moja, na hili hatuna haja ya kulificha wala kulifanyia ugomvi. Habari tunayoisimulia ni ya sadaka, na wagonjwa walionufaika nayo hawakuulizwa madhehebu.

Familia ilikuwa na biashara Unguja na tawi Bagamoyo. Wakati ule Bagamoyo ulikuwa mlango wa bara. Bidhaa nyingi zilizotoka Unguja kwenda Unyamwezi, Ujiji, Buganda na Kongo zilipita hapo, na pembe za ndovu zilizotoka huko zilirudi kwa mlango huo huo. Sewa aliingia kazini angali kijana, na kabla hajafika miaka 30 jina lake lilikuwa limejulikana na kila aliyetaka kuingia bara na msafara.

Ni vizuri wanafunzi waelewe kazi yenyewe ilikuwa nini, maana duka la aina hiyo sasa halipo. Msafiri aliyeshuka jahazini hakuweza kwenda bara na fedha mfukoni, kwa kuwa fedha haikupokelewa huko. Alihitaji nguo: merikani nyeupe na kaniki nyeusi, zilizopimwa kwa doti na jora. Alihitaji shanga, na si shanga zozote tu. Kila nchi ilikuwa na rangi yake na ukubwa wake, na aliyepeleka shanga nyekundu kwa watu waliotaka nyeupe alijikuta amebeba kokoto. Alihitaji masango, zile nyaya nene za shaba walizofulia bangili. Alihitaji kitu cha kulipa hongo kwa kila mtemi aliyepita nchini mwake, na posho ya watu wake njiani. Vyote hivyo vilifungwa mizigo ya karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na kila mzigo ukapanda bega la mtu mmoja. Hapakuwa na gari, na punda walikufa kwa ndorobo.

Kwa hiyo bidhaa kubwa kuliko zote pale Bagamoyo ilikuwa nguvu ya wapagazi. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, wanaume huru waliokuja pwani na mizigo ya pembe wakati wa kiangazi, wakangoja msafara wa kurudi nao. Kwa mwaka walipita makumi ya maelfu. Sewa Haji ndiye aliyewakusanya, akaandikiana nao, akawapa sehemu ya ujira mbele, akawakabidhi kwa mwenye msafara pamoja na kirangozi wa kutangulia na bendera. Mwenye duka alikopesha pia. Mfanyabiashara wa Kiarabu au Mswahili alichukua bidhaa leo, akalipa kwa pembe baada ya mwaka mmoja, miwili, au asirudi kabisa. Hasara ya aina hiyo ilikuwa ya mwenye duka, na faida pia ilikuwa yake. Akafuatwa na kila mtu: wafanyabiashara, wapelelezi wa Kizungu, wamisionari wa madhehebu yote, na baadaye serikali ya Wajerumani yenyewe.

Mmoja wa wateja wake wa mwanzo alikuwa Henry Morton Stanley, aliyefika Bagamoyo mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Dk. Livingstone. Sewa alikuwa na miaka 20 tu. Ndiye aliyemtafutia Stanley wapagazi, na Stanley katika kitabu chake cha mwaka 1872 alimlalamikia sana kijana huyo, akimwona mjanja mno katika hesabu. Sisi tusome malalamiko hayo kwa tahadhari, kwa sababu Stanley alimlalamikia karibu kila aliyekutana naye Afrika. Lakini tusiyatupe pia. Mfanyabiashara wa Bagamoyo hakuwa walii. Alinunua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu, na mgeni asiyejua bei ya merikani aliondoka na funzo lililomgharimu.

UFIPA NA MERIKANI

Msomaji atauliza, yote haya yanatuhusu nini sisi wa huku juu? Yanatuhusu. Barabara kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea Ujiji, lakini kutoka Tabora kulikuwa na njia nyingine iliyoshuka kusini magharibi, ikaingia Ufipa na kuelekea Itawa na nchi ya Kazembe. Misafara ilipita kwetu kwa kuwa palikuwa na chakula. Wafipa walikuwa wakulima wazuri wenye matuta makubwa ya mbolea ya majani, na mwenye msafara wa watu mia kadhaa huangalia kwanza penye nafaka. Mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kirando ikiwemo, walikaa Waswahili na Waarabu wenye biashara za ng'ambo ya ziwa. Uislamu nao ulifika mwambao huo kwa njia hizo hizo za biashara.

Kilichokuja na misafara hiyo hakikuwa heri tupu. Wazee wetu wa Ufipa na bonde la Rukwa walikuwa mafundi. Walifuma nguo nzito za pamba kwa mikono yao. Waliyeyusha chuma katika malungu, yale matanuru marefu kuliko mtu, yaliyojengwa kwa udongo wa kichuguu, ambayo mabaki yake bado yanaonekana katika baadhi ya vijiji vyetu. Merikani ilikuwa nyepesi na rahisi kuipata, na taratibu ikaiondoa nguo ya mfumaji wa Rukwa, kama jembe la kiwandani lilivyokuja kuliondoa jembe la malungu. Majora mengi yaliyoshushwa migongoni mwa wapagazi huku kwetu yalikuwa yametoka Bagamoyo kwenye maduka ya akina Sewa Haji.

Lipo na zito zaidi. Biashara ya pembe ilitembea njia moja na biashara ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sayyid Barghash, lakini huku bara watu waliendelea kukamatwa miaka mingi baada ya hapo. Bunduki na baruti zilizouzwa pwani zilikwenda kulipuka kwenye vijiji ambavyo muuzaji hakuviona kamwe. Mwenye duka la Bagamoyo aliyekopesha misafara ya pembe hawezi kusemwa kuwa alikuwa mbali na mambo hayo. Nayaandika haya kwa makusudi. Tukiwasimulia watoto habari za matajiri waliotoa, tusiwafiche mali ilitoka wapi, kwa sababu siku ya hesabu mtu ataulizwa maswali mawili juu ya mali yake: ameipata wapi, na ameitumia katika nini.

WAKATI WA WAJERUMANI

Mwaka 1888 Kampuni ya Wajerumani ilipoanza kutwaa miji ya pwani, watu walisimama kuipinga. Kiongozi aliyejulikana zaidi alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi. Bagamoyo ulipigwa mizinga, nyumba nyingi zikaungua, na Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Sewa Haji hakushika silaha upande wowote. Alibaki na biashara yake, na vita vilipokwisha mteja wake mkubwa akawa ni yule yule aliyeshinda. Kuna watakaomlaumu kwa hilo. Kuna watakaosema mfanyabiashara wa Kihindi, mgeni katikati ya mizinga ya manowari na hasira za wenyeji, hakuwa na pa kwenda. Mimi naona lawama ipo, lakini si kubwa kama tungemlaumu mtu aliyekuwa na jeshi.

Lililo la ajabu ni kwamba miaka hiyo, kati ya 1890 na kifo chake, ndiyo aliyoanza kutoa kwa wingi. Alikuwa hajafika hata miaka 40. Watu wengi husubiri uzee na maradhi ndipo wakumbuke sadaka. Yeye alianza akiwa kwenye kilele cha biashara.

Bagamoyo alitoa jengo la shule, nyumba kubwa ya ghorofa, akaikabidhi kwa serikali. Aliweka sharti: watoto wote wapokewe bila kubaguliwa rangi wala kabila. Katika nchi iliyotawaliwa na watu walioandika sheria moja kwa ajili ya Mzungu na nyingine kwa ajili ya wengine wote, sharti hilo halikuwa dogo. Mtoto wa Kihindi, wa Kiarabu, wa Kiswahili na wa Mnyamwezi aliyebaki pwani wangekaa benchi moja. Jengo hilo limebaki mpaka zama zetu. Miaka ya 2000 watoto wa shule ya msingi walikuwa bado wakisoma humo, zaidi ya karne moja baada ya aliyelitoa kuzikwa.

Alisaidia pia matibabu hapo hapo Bagamoyo. Ukitaka kuelewa kwa nini mwenye duka alifikiria hospitali, kumbuka wateja na wafanyakazi wake walikuwa nani. Kila msimu misafara iliingia Bagamoyo na watu waliotembea miezi mitatu kutoka Tabora. Walifika na ndui, na kuhara damu, na vidonda vya miguu vilivyooza kwa miiba na maji machafu, na mabega yaliyovimba kwa mizigo. Aliyeweza kusimama alichukua ujira wake. Asiyeweza alilala chini ya mwembe au barazani kwa mtu. Hakuwa na mama wala mke karibu. Nyumbani kwake kulikuwa mbali kilomita 800. Sewa Haji alitajirika kwa mabega hayo. Hospitali zake zilijengwa kwa ajili ya wenye mabega hayo hayo, na kwangu mimi hapo ndipo maisha yake yanaponigusa zaidi kuliko penginepo pote.

Kisha ikawa zamu ya Dar es Salaam. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao makuu huko, na mji uliokuwa mdogo ukaanza kujaa vibarua, askari na wachuuzi. Sewa Haji alitoa fedha ijengwe hospitali ya watu wasiokuwa Wazungu. Hospitali hiyo ndiyo iliyopewa jina lake, Sewa Haji, nayo inahesabiwa kuwa ilianza mwaka 1897. Mwaka huo huo ilikamilika ile hospitali nyingine ya ufukweni, Ocean Road, ambayo Wajerumani waliijengea Wazungu. Hospitali ya baharini ilijengwa kwa fedha ya serikali. Ya Waafrika na Wahindi ilitokana na mfuko wa mwenye duka.

Yeye mwenyewe hakuiona ikifanya kazi. Alifariki Unguja tarehe 10 Februari 1897, akiwa na umri wa miaka 46 au chini yake kidogo.

WASIA WAKE

Katika wasia wake aliacha majumba na viwanja mikononi mwa serikali, kwa masharti kwamba mapato yake yatumike kwa wagonjwa maskini na wakoma. Hakusema serikali ipewe fedha izitumie itakavyo. Alisema mali ibaki, na kinachozaliwa na mali ndicho kitumike.

Wanafunzi wa madarasa ya juu wataona mara moja kwamba jambo hili tunalifahamu. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipopata ardhi nzuri kule Khaybar, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri, akaelekezwa aishike ardhi yenyewe na atoe matunda yake. Ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi; mazao yake yakaenda kwa mafakiri, jamaa, wasafiri na wageni. Sayyidna Uthman (R.A.) naye alinunua kisima cha Ruma pale Madina, watu wakateka maji bila malipo. Huo ndio wakfu. Mti haukatwi kuni, bali watu wanakula embe zake mwaka hadi mwaka. Siku hizi familia zenye uwezo huunda taasisi zenye katiba, wadhamini na hesabu za benki, na hutoa kila mwaka kutokana na faida. Ukiondoa makaratasi, mzizi ni ule ule.

Jambo moja wazazi walizingatie, maana huleta ugomvi mazikoni. Wasia wa sadaka katika Uislamu una mpaka. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua Makka na kutaka kutoa theluthi mbili za mali yake, Mtume (S.A.W.) alimzuia, akamzuia pia nusu, akamruhusu theluthi, na hata hiyo akamwambia ni nyingi, kwani kuwaacha warithi na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakiombaomba. Kwa hiyo anayetaka kutoa zaidi ya theluthi njia yake ni kutoa angali hai na mzima, kama Sewa Haji alivyofanya shule na hospitali. Nimewahi kuona hapa hapa mjini shamba lililotajwa kwa mdomo tu kuwa ni la msikiti. Mzee alipofariki, watoto walisema hawakusikia. Hapakuwa na maandishi wala shahidi. Shamba likauzwa.

Ona pia aliyoyachagua Sewa Haji katika wasia wake. Wakoma. Wakati ule ukoma haukuwa na dawa ya kweli. Dawa hiyo ilipatikana miaka ya 1940. Mkoma alitengwa na watu wake, hakuwa mteja wa mtu yeyote, hangeweza kuja dukani wala kubeba mzigo wa pembe. Hakuna faida ya kibiashara iliyoweza kupatikana kwa kumlisha.

Tumlinganishe na mwenziwe. Tharia Topan alikuwa tajiri mkubwa zaidi, Khoja pia, aliyekuwa Unguja karibu na masultani. Mwaka 1887 alianza kujenga huko hospitali nzuri mno, yenye veranda za mbao zilizochongwa. Alifariki mwaka 1891 jengo halijakwisha. Mjane wake akaendeleza kazi, lakini mwaka 1900 jengo liliuzwa kwa mfanyabiashara mwingine, na chini yake ikafunguliwa zahanati, juu watu wakapanga. Ndilo lile linaloitwa mpaka leo Dispensari ya Zamani. Ni jengo zuri, watalii hulipiga picha. Nia ya mwenyewe ilikuwa njema bila shaka, ila mauti yalimkuta na kazi mikononi.

WALIOMFUATA

Katika duka la Sewa Haji pale Bagamoyo alikuwepo msaidizi aliyekuja kutoka Kutch akiwa mvulana, Allidina Visram. Alijifunza kazi humo, akaanza kufungua maduka yake bara, na baada ya mwaka 1897 yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa biashara hiyo. Reli ya Uganda ilipopita Kenya alifuatana nayo, maduka yake yakafika kila mahali mpaka Kampala na mbele yake. Naye alitoa kwa misikiti, makanisa, hospitali na shule. Alifariki mwaka 1916. Mwanawe alijenga Mombasa shule ya sekondari ya Allidina Visram kwa kumkumbuka baba yake, na shule hiyo ingali inasomesha. Kijana hujifunza dukani mengi zaidi ya kupima nguo.

Familia nyingine, ya Karimjee Jivanjee, Mabohora waliofanya biashara Unguja tangu mwanzoni mwa karne ya 19, ilichukua njia ya taasisi ya ukoo mzima. Kizazi baada ya kizazi walitoa kwa hospitali, shule na masomo ya wanafunzi, na wakaijengea Dar es Salaam ukumbi wa Karimjee. Mwalimu Nyerere aliapishwa kuwa Rais humo tarehe 9 Desemba 1962. Mtu mmoja akifa utoaji huweza kukatika. Ukoo ukijiwekea utaratibu, hauhitaji kungoja azaliwe mkarimu mwingine.

Hapa Ufipa watu hawakuwa na majumba ya kuwekea wakfu. Lakini tusiseme hatukuwa na watoaji. Kila mtu wa Sumbawanga analijua jina la Dk. Atiman kwa sababu ya hospitali ya mjini. Adrien Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto huko karibu na Timbuktu, akakombolewa na mapadri, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Alitibu watu mwambao ule mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakuwa wa dini yetu, wala hakuwa na mali. Alitoa miaka yake zaidi ya 60, na wagonjwa wake walikuwemo Waislamu.

HOSPITALI BAADA YAKE

Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja, na hospitali ya Sewa Haji ikaendelea kupokea Waafrika na Wahindi wa Dar es Salaam. Reli ya kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ya mabega ikafa, na Bagamoyo ukabaki na magofu yake. Wapagazi waliokuwa wakilala chini ya miembe sasa walikuwa vibarua wa bandari na reli, na waliugua vile vile. Kadiri mji ulivyokua hospitali ikawa ndogo. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya kule Upanga na kupewa jina la binti mfalme wa Uingereza, Princess Margaret, aliyekuja mwenyewe kuifungua. Wagonjwa wakahamishiwa huko, na majengo ya zamani ya Sewa Haji yakavunjwa baadaye.

Baada ya uhuru jina la binti mfalme liliondolewa, hospitali ikaitwa Muhimbili. Mwaka 1963 ikaanzishwa hapo shule ya udaktari, na kutoka hapo wametoka madaktari wanaotibu nchi nzima, huku kwetu wakiwemo. Majina ya wodi yakabaki matatu yale. Kibasila ni jina linalotukumbusha jumbe wa Wazaramo wa wakati wa Majimaji, aliyewapinga Wajerumani mpaka wakamuua. Sewahaji ni la mfanyabiashara aliyewauzia Wajerumani hao hao na kuwaachia majumba yake kwa masharti. Wodi zao ziko uwanja mmoja, na muuguzaji aliyetoka Sumbawanga na chupa yake ya uji hupita kwenye mlango wa moja kwenda nyingine, akiuliza njia.